Zermatt kwa mtu wa Nairobi: pesa yako mpe mwalimu wa ski, sio jina la hoteli

Naanza na hukumu kabisa ndio mwenye haraka asome aende zake: Zermatt, kijiji cha Uswisi cha kuteleza kwenye theluji kwa ski, nyota nne na nusu kati ya tano, na kama ningekuwa napima mlima peke yake ningeipa zote tano bila kufikiria mara mbili. Hiyo nusu imekatwa na bei, na zaidi imekatwa na vile hizi likizo za theluji za kifahari zinauzwa huku kwetu, yaani unauziwa picha ya jakuzi na glasi ya shampeni na blanketi la manyoya, halafu kile kitu ambacho kitaamua kama utafurahia ama utashinda chumbani magoti yakikuuma hakuna mtu anakuambia. Nimeandika ndefu kwa sababu nimeulizwa sana, kwa grupu ya familia, kwa chama, hata nje ya kanisa baada ya ibada, na naona watu wengi wameshazoea Dubai na Zanzibar na sasa wanataka kuona theluji kwa macho yao, na mimi nasema waende.

Tuanze na faida yetu ambayo ajenti hatakuambia. Kijiji cha Zermatt kiko kama mita 1,600 hivi juu ya bahari. Nairobi iko karibu 1,795. Ndio, sisi tunaishi juu kuliko kijiji cha ski cha Uswisi! Kwa hivyo ile kuhema ukipanda ngazi za hoteli haitakupata ukitoka South B ama Kikuyu, labda uwe umetoka Mombasa. Ukianza kupanda mlima na lifti zake hapo sasa ni hadithi nyingine, Gornergrat ni mita 3,089, na kilele cha Klein Matterhorn, pale kwenye stesheni ya juu kabisa ya kebo, ni 3,883, hapo hata sisi tunapunguza mwendo na kunywa maji mengi, na ukisikia kichwa kinagonga teremka bila kubishana. Lakini Matterhorn yenyewe, ule mlima wa ncha kali unaouona kwa kila picha, ni mita 4,478, na Point Lenana yetu ya Mlima Kenya ni 4,985. Nilimwambia mwalimu wetu hivyo akakataa kabisa, akatoa simu akaangalia, kisha akaita wenzake wawili waje waone. Kama umewahi kupanda Lenana kwa njia ya Sirimon, ulisimama juu kuliko kilele cha Matterhorn, jua hivyo ukienda.

Kufika ni rahisi kuliko nilivyodhani. Tulipitia Amsterdam hadi Zurich, na stesheni ya treni iko hapo hapo chini ya uwanja wa ndege, unaburuta sanduku unaingia, unabadilisha treni mara moja ama mbili, ya mwisho ni pale Visp, na kwa saa tatu na nusu hivi uko kijijini. Magari ya petroli hayaruhusiwi Zermatt, mwenye gari analiacha Täsch na anapanda treni kama wengine, tajiri kwa maskini. Ndani ya kijiji kuna viteksi vidogo vya umeme tu. Kimya cha pale kwa mtu anayeishi kando ya Mombasa Road ni kitu cha kulipia peke yake, nilikuwa nalala kama mtoto.

Sasa hoteli. Tulilala ya nyota tano, sitaitaja, na haikuwa na makosa makubwa: kitanda kizuri, bwawa la maji moto, kiamsha kinywa cha nguvu, wafanyakazi wanaokujua jina siku ya pili. Lakini nikikaa nikipiga hesabu nilichofurahia kweli ni vitu viwili tu. Kwanza chumba cha kuweka ski chenye vyuma vya kukausha na kupasha buti moto, kwa sababu kuvaa buti baridi yenye unyevu asubuhi ni adhabu. Pili, ilikuwa karibu na lifti. Hiyo ya pili ndio kubwa. Buti za ski ni ngumu, hazipindiki pale kwenye kifundo, na ukiwa umebeba ski begani barabara ya barafu ya dakika kumi inakumaliza kabla hujaanza siku. Kwa hivyo ukipewa chaguo kati ya hoteli ya jina kubwa upande wa mbali na hoteli ya nyota tatu safi mita mia moja kutoka kwa lifti, chukua ya nyota tatu na usiangalie nyuma. Na ile ya kuongezwa pesa ndefu ndio upate chumba kinachoangalia Matterhorn, achana nayo. Mlima unaweza kujificha na mawingu siku nzima, na siku ukitoka unauona bure kutoka kwa daraja lililo karibu na kanisa, watu wote wanasimama hapo alfajiri kupiga picha jua likigusa ncha.

Mwalimu. Hapa ndio nataka mnisikilize. Kama hujawahi kuvaa ski maisha yako, na wengi wetu ndio hao, shilingi yenye kazi kubwa kuliko zote kwenye hii safari ni ya mwalimu, na hasa mwalimu wenu wenyewe kwa siku za mwanzo badala ya kuingia darasa la watu kumi. Darasa la kikundi ni bei nafuu na si baya, lakini mwalimu anamngoja wa mwisho, kila mtu anasimama kwa baridi, na mwenye kuogopa anabaki anaogopa. Sisi tulikuwa mimi na kijana wetu wa miaka kumi na nne na mwalimu mmoja, na tofauti niliiona asubuhi ya kwanza.

Alitupeleka Sunnegga, unaingia kwa treni inayopanda ndani ya mlima kwenye handaki, dakika chache uko mita 2,288 na jua limekupiga usoni. Kando ya kiziwa kimoja kuna uwanja wa wanaoanza, mteremko mdogo kabisa na mkanda unaosonga unaokurudisha juu, unasimama tu juu yake. Hapo ndio shule. Na hatukuanza kuteleza, tulianza kwa kuvaa ski moja mguu mmoja tukizunguka zunguka, halafu tukafundishwa kuanguka, unaanguka upande sio nyuma, na kuinuka ski zikiwa zimekatiza mteremko, sio zikiangalia chini. Halafu ile ya kubana ncha za mbele na kupanua nyuma, wanaita pizza kwa sababu ya umbo la kipande, ndio breki yako. Kitu ambacho mwili wa binadamu unakataa ni kuegemea mbele, ukiogopa unajivuta nyuma, na ukijivuta nyuma ndio ski zinakimbia zaidi na hazikusikii. Mwalimu alikuwa anarudi nyuma nyuma mbele yangu akisema goti, goti, sikia ulimi wa buti kwa muundi wako, niangalie mimi usiangalie miguu. Siku ya tatu tulishuka mteremko wa bluu kutoka juu hadi chini. Uswisi bluu ndio rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ya wenyewe. Nilikuwa nalia ndani ya miwani, machozi ya furaha, na siwezi kuipima ile hisia kwa faranga.

Na mwalimu mzuri anakuokolea pesa pia, kwa sababu wetu alituambia siku mbili za kwanza tusinunue pasi ya lifti za mlima mzima, tuchukue ya eneo dogo la wanaoanza. Mlima mzima ukiunganisha na Cervinia upande wa Italia ni kilomita 360 za njia, unaweza kula chakula cha mchana Italia urudi Uswisi jioni, raha tupu, lakini anayeanza hatumii hata kilomita kumi za hizo.

Buti nazo zinastahili aya yao. Msikodi kwa haraka. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukipiga magoti mbele virudi nyuma vipate nafasi, na kisigino kisiinuke hata ufanye nini. Soksi ni moja, nyembamba, ndefu hadi chini ya goti. Najua sisi tukisikia baridi tunavaa mbili tatu, lakini soksi nyingi zinabana damu na mguu unaganda zaidi na mikunjo inakuchubua. Pia watakuuliza uzito na urefu, semeni ukweli jamani hata kama kuna watu kwa foleni, kwa sababu ile kilo unayosema ndio wanatumia kuseti vile ski itafunguka ukianguka. Ukidanganya chini inafunguka ovyo, ukidanganya juu inakataa kufunguka na goti ndio linalipa.

Mzee wangu alikataa kuteleza toka mwanzo, alisema yeye magoti yake ni ya kuzeeka nayo, na hapa Zermatt inashinda sehemu nyingi sana. Treni ya Gornergrat imekuwa ikipanda tangu 1898, nusu saa hivi kutoka kijijini, na asiye na ski anaipanda na kuteremka vile anataka. Kuna njia ya kuteleza na sleji kati ya Rotenboden na Riffelberg, hiyo aliikubali na akairudia. Kutoka Sunnegga kuna njia ya miguu hadi Findeln, kijiji kidogo cha nyumba za mbao nyeusi za zamani, na hapo tulikutana sote mchana, walioteleza na waliotembea, meza moja nje kwenye jua. Kama unasafiri na mama mkwe, watoto wadogo, mtu mjamzito, angalieni hiyo kwanza kabla ya kitu kingine, kuna risoti ambazo usipoteleza huna pa kwenda ila chumbani.

Chakula sina mengi. Jibini, viazi, jibini, nyama iliyokaushwa, jibini. Röschti, yaani viazi vya kukwaruza na kukaanga, na yai juu, hiyo ningekula kila siku. Maji ya bomba ni salama na matamu, jazeni chupa, kwa sababu chupa ya maji huko mlimani ni bei ya pilau na kuku hapa.

Baridi. Watu wanaogopa sana baridi na mimi nasema kibaridi cha Julai cha Limuru kwenye nyumba isiyo na hita kinachosha kuliko kile, kwa sababu kule ndani ni moto na nje umevaa sawa. Nguo za kuvaa ndani ziwe za kukausha jasho, sio pamba, katikati flisi, nje koti na suruali zisizopitisha maji. Na hizo za nje usinunue Uswisi! Nenda Gikomba ama Toi mapema, jaketi na suruali za ski zinashuka kwenye mitumba kila mara na wauzaji wengine hawazitafuti soko kwa sababu hakuna anayeziuliza, tafuta zenye zipu nzima na mshono wa ndani uliozibwa. Glavu nzuri nunua mpya. Helmeti kodi huko huko.

Jua ndio adui ambaye hatumfikirii kwa sababu tunajiambia sisi ni weusi. Kadiri unavyopanda miale inazidi, kama asilimia 10 kila mita 1,000, na theluji mpya inarudisha hadi asilimia 80 ya hiyo miale usoni, chini ya kidevu, ndani ya pua. Kijana wetu aliungua pua ikachubuka. Mafuta ya jua SPF 50, ya midomo pia, na miwani usitoe. Usiku hewa ya hita inakausha ngozi vibaya, mafuta yangu ya Arimis ndio yalikuwa mfalme wa bafu ya marumaru.

Malalamiko yangu makubwa si ya Uswisi, ni ya ajenti wa hapa Nairobi aliyetuuzia pakeji. Kwa karatasi iliandikwa kila kitu kimo. Kumbe kila kitu ni ndege, hoteli na kiamsha kinywa. Pasi ya lifti haimo, kukodi ski haimo, mwalimu haimo, treni ya kutoka Zurich haimo, na hizo zikijumlishwa ni karibu nusu ya kile tulikuwa tumelipa tayari. Mnapoletewa bei ulizeni hizo nne moja moja, ziandikwe, na mkiona ajenti anazunguka panga safari mwenyewe, haihitaji ufundi, tovuti za lifti na treni ziko wazi. Bima pia. Bima ya viza ya Schengen ni lazima ifikie yuro 30,000, lakini nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa mjini zinaacha nje michezo ya theluji, somea ndani. Unataka iliyoandika ski na uokoaji kwa helikopta, kwa sababu Zermatt mtu akivunjika juu huko ni helikopta ndio inakuja, na si ya bure.

Kuhusu kwingine, kwa sababu mtaniuliza tu. Courchevel ya Ufaransa ndio jina linalotajwa na wenye pesa za kuonyesha, hasa ile sehemu inayoitwa Courchevel 1850, kuna hadi hoteli ya Cheval Blanc ya LVMH, wenye Louis Vuitton, na kiwanja cha ndege chenye njia fupi ya mita 537 iliyoinama kama mteremko. Lakini ule mlima ni wa kila mtu, Mabonde Matatu, lile eneo ambalo Courchevel imo, yana kilomita 600 za njia zilizounganishwa, na ukilala Le Praz chini kidogo unapanda lifti ukateleze kwenye theluji ile ile ya matajiri. Hiyo ndio ningemshauri anayejua tayari. St. Moritz ningeenda kwa historia na kwa ziwa lililoganda ambapo Februari wanakimbiza farasi juu ya barafu, wameandaa Olimpiki mara mbili, 1928 na 1948, ila kwa anayeanza naona unalipia mitaa na maduka zaidi ya mteremko. Aspen na Vail za Marekani, binamu yangu anaishi Denver na anasema theluji ni laini na walimu ni wavumilivu, lakini pasi ya siku moja ukinunua dirishani imeshapita dola 200 kitambo, na hiyo ni mtu mmoja, sijaongeza ndege. Niseko, Japani, ndio ndoto yangu inayofuata: upepo wa Siberia unavuka bahari unaokota unyevu unamwaga theluji mita zaidi ya 10 kwa msimu, kavu na nyepesi, halafu jioni unaingia maji moto ya volkano nje ukiangaliana na mlima Yotei.

Na kabla ya kulipa mamilioni, jaribuni karibu. Ski Dubai ndani ya Mall of the Emirates, imekuwepo tangu 2005, joto liko chini ya sifuri na njia ndefu kabisa ni mita 400. Ukiwa unapita Dubai kwa shughuli zako, masomo mawili pale yatakuambia kama mwili wako unaitaka hii kitu. Afriski, Lesotho, ni bora zaidi kwangu kwa sababu ni mlima wa kweli, mita 3,222, msimu ni Juni hadi Agosti, mteremko mkuu kama kilomita moja. Unaruka hadi Johannesburg, Afrika Kusini siku hizi hatuitaji viza tangu 2023, na kutoka hapo ni gari saa tano hivi. Si kifahari kama Uswisi, vyumba ni vya kawaida, lakini mtoto akijifunza pizza pale Agosti, Aprili akifika Alps anaanza siku ya kwanza kwenye bluu, na umeokoa siku mbili tatu za mwalimu kwa bei ya Uswisi.

Na asikuambie mtu ski si ya kwetu. Philip Boit kutoka Eldoret aliteleza Olimpiki ya Nagano 1998 kwenye mbio za ski za kilomita 10, akamaliza wa 92, wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alikaa pale kwenye mstari wa kumaliza akimngoja ili amkumbatie, na Boit akaja akampa mtoto wake jina Dæhlie. Sabrina Simader aliyekulia Austria akavaa bendera yetu Olimpiki ya Pyeongchang 2018 kwenye ski za kuteremka mlima. Kijana wetu nilimwonyesha video ya Boit usiku kabla ya somo la kwanza na sikuhitaji kumshawishi tena kuamka.

Tarehe: likizo ya Krismasi kimbia, kati ya 20 Desemba na mwanzo wa Januari bei ni wazimu na foleni za lifti ni ndefu. Likizo ya shule ya Aprili ndio yetu. Njia za kuteleza za Zermatt ziko juu sana, kuna barafu ya kudumu wanayoteleza hata katikati ya mwaka, kwa hivyo Aprili wakati risoti za chini zimebaki nyasi na matope Zermatt bado ni nyeupe, siku ni ndefu, jua lina joto, na Pasaka ikishapita bei za hoteli zinashuka. Januari siipendekezi kwa anayeanza, giza linaingia mapema na baridi ni ya kweli.

Viza unaweza kuomba hadi miezi 6 kabla, ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na kisheria wanapewa siku 15 za kujibu ila nafasi za kupeleka karatasi hapa Nairobi ndio zinaisha haraka msimu ukikaribia. Kwa safari ya Aprili wekeni nafasi mapema Januari, na hoteli mchukue ile ya kughairi bila kukatwa mpaka muhuri uwe ndani ya pasipoti. Mwalimu naye mwandikieni mapema hivyo hivyo, kabla ya hoteli hata, wale wazuri wanaozungumza Kiingereza vizuri wanajazwa kwanza.